Karata za Mama Yako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote nimecheka pale unapovuta pumzi na kusema, "Mama, na umri huo?" Umeiona ile picha aliyoirusha dada yako kwenye kundi la ukoo: mimi na wazee watatu wa Kitaliano, karata mkononi, gilasi za divai mezani. Ukauliza nimeanza lini kamari, na kama nimeshastaafu nangoja nini huku Bologna nisirudi Malindi.

Divai si yangu, tuanze na hapo. Changu ni kile kikombe cha kahawa pembeni. Desturi yao ni kwamba aliyefungwa huwanunulia wenzake kinywaji. Mimi niliwaambia tangu mwanzo kwamba kahawa yangu nalipa mwenyewe, nifunge nisifunge. Walidhani nina kiburi. Siku hizi mwenye zamu ya baa ananidai hata kabla sijakaa.

Pale ni kwenye klabu ya wazee ya mtaa. Klabu hizi zilianza kuenea mjini hapa miaka ya 1970, na mwaka 1990 zikaunda chama cha nchi nzima, ANCeSCAO, hapahapa Bologna. Usidhani ni nyumba ya kulelea wazee; kila mtu hulala kwake. Unalipa uanachama wa mwaka, baa inaendeshwa na wastaafu wenyewe kwa kujitolea, na wengine wana vibustani vya nyanya na saladi. Kuna siku za dansi, akodiani inalia, vikongwe wanazunguka utadhani magoti si yao. Karata ni kila alasiri.

Nilifikaje? Yule bibi niliyemtunza, ambaye mshahara wake ndio uliokusomesha, alikuwa mcheza karata hodari. Kila saa tisa lazima nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu hadi klabu. Mimi nilikuwa nakaa karibu na makoti, nangoja. Mwaka wa pili, siku ya mvua kubwa, mwenzao mmoja hakutokea, na mchezo wao, briscola, wakiucheza wawili wawili unataka watu wanne. Bibi akanigeukia, akasema, "Kaa." Nikamwambia sijui kucheza. Akasema, "Utajua," akanigawia karata tatu.

Mwanangu, nilipozitazama zile karata mwili ulinisisimka. Si hizi za maua na kopa nyekundu unazozijua. Zina panga, vikombe, sarafu na magongo. Wao huziita spade, coppe, denari, bastoni. Sasa tamka za kwetu: shupaza, kopa, uru, pao. Majina yetu yalitoka kwa Wareno, walewale wa nguzo ya Vasco da Gama, na kwa Kireno ni panga, vikombe, dhahabu na magongo. Babu zetu wakabaki na majina, picha zikabadilika. Miaka yote nasikia "kopa!" sikujua kwamba kopa ni kikombe, mpaka nikakiona.

Na nilisikia tu, maana unajua baraza la babu yako lilikuwa la wanaume. Mimi nilikuwa ndani, chini ya dirisha, nachambua mchele, masikio yapo nje. Wahedi wa sitini, mchezo wao wa karata, niliujua kwa sauti: kofi la karata kwenye mkeka, kelele za turufu, mtu akihesabu pointi kwa ulimi mzito. Jina lenyewe, moja na sitini. Basi briscola ina karata 40, pointi zake 120, na ukifika 61 umeshinda! Ree, yaani karata ya moja, ni 11. Tatu, ajabu yake, ni 10. Mfalme ni 4, mpanda farasi 3, kijana wa miguu 2. Malkia hayumo. Wazee wetu waliziita karata za picha mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Niliwaeleza pale mezani, mmoja akacheka hadi akakohoa: wazungu mkononi, wazungu mezani.

Kilichonishinda mwanzoni ni ishara, kwa sababu wanaruhusiwa kuambiana kwa uso. Pale klabuni ukikunja mdomo upande mmoja, una tatu ya turufu. Ukitazama dari, una mfalme. Ukiinua bega, mpanda farasi. Ufundi ni kumpa mwenzio ishara wapinzani wakiwa wameinama. Mimi uso wangu haufichi siri, nilicheka kila mara, tukafungwa mwezi mzima. Nina mwenzangu wa mchezo, fundi bomba mstaafu, anayekumbuka kila karata iliyotoka na kunigombeza kwa Kibologna mchezo ukiisha. Hilo ndilo silipendi. Nami humgombeza kwa Kiswahili, tukawa sawa.

Bibi alipofariki nilidhani na karata zimeisha. Wiki ya pili, saa tisa na robo, simu ikalia. Hawakunipa pole wala nini. "Uko wapi? Tuko watatu." Nikavaa koti. Machi 2020 klabu zilifungwa kwa korona, na tulipofunguliwa viti viwili vya meza yetu havikupata wenyewe. Nilishukuru kwamba namba zao zote nilikuwa nazo.

Kwa hiyo baba, huku nangojewa. Huko kwetu pia nangojewa, najua, lakini nisipoamka siku moja Bologna, ifikapo saa tisa na robo kuna mtu atakayegonga mlango.

Desemba nakuja, inshallah, kwa miezi mitatu. Nabeba jozi moja ya karata za Piacenza, hizi hizi za panga na vikombe. Usimwambie mjomba wako. Nataka niketi kwenye lile baraza, mkekani kabisa, nigawe, kisha nimtazame uso akiiokota kopa yake ya kwanza na kuikuta ni kikombe.

Mama yako