Nilimwekea Taarabu, Akadhani Namsuta

*Shikamoo Bi Somo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Tanga. Mume wangu ni dereva wa lori na safari zake hufika siku 12. Alhamisi aliporudi niliwapeleka watoto kwa bibi yao, nikafukiza udi, nikamwaga asumini kitandani, nikaweka taarabu ya kwenye simu katika spika ndogo. Wimbo wa kwanza ulimpendeza, alikuwa akitabasamu. Ulipoingia wa pili akaniuliza, "Huo unamwimbia nani?" Mimi nikacheka. Akainuka, akaenda kukaa barazani mpaka saa sita za usiku, na tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji. Je, nimekosea kuweka muziki, au ana lake analolificha? Na kama si kosa, niweke muziki gani?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama mahali pamoja, pale uliposema kwamba ulicheka. Spika nitaifikia, na udi nitaufikia, ila kwanza naomba tuzungumze kuhusu hicho kicheko, maana nadhani ndicho kilichomtoa mumeo chumbani.

Kuweka taarabu ili chumba kilainike hakuna aibu yoyote. Muziki huu uliletwa kwetu kwa ajili ya starehe: Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliwaita wapigaji kutoka Misri na kumpeleka mtu wake Kairo akajifunze kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, ili kasri lipate burudani yake. Lakini ulipotoka kasrini ukaingia mitaani, ulipata ulimi. Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, aliimba mapenzi na aliimba pia mambo ya mjini, na waliokuwa wakimsikiliza hawakuhitaji kutajiwa majina. Baada yake vikundi vya wanawake vya Unguja vilitungiana nyimbo za kujibizana, na ilipofika miaka ya 1990 taarabu ya kisasa, yenye vinanda vya umeme na gitaa la besi, ikaufanya mpasho kuwa ndio bidhaa yake kubwa. Wewe mwenyewe umehudhuria harusi za kutosha kujua kwamba mwanamke anaponyanyuka kwenda kumtuza mwimbaji, watu hawaitazami noti aliyoishika. Wanasikiliza wimbo umefika ubeti gani, kisha wanafuata macho yake yameelekea meza ipi.

Mumeo amelelewa katika adabu hiyo hiyo. Aliposema "Huo unamwimbia nani?" hakuwa amerukwa na akili, aliuliza swali ambalo kila mtu wa pwani huliuliza pale anapohisi kwamba ubeti umemgusa bega. Nawe, badala ya kumjibu, ulicheka, na huku kwetu anayeulizwa fumbo akacheka huwa amekwisha kujibu. Najua kwamba kwako kilikuwa kicheko cha mtu aliyebanwa ghafula. Yeye aliyekaa siku 12 barabarani, akijua maneno yanayosemwa mtaani juu ya madereva na nyumba zao za njiani, alikisikia vingine kabisa.

Ninachoshuku ni kwamba wimbo wa pili hukuuchagua wewe. Uliuchagua ule wa kwanza, kisha simu ikaendelea kwa hiari yake, na simu haina somo wala kungwi: ikiona umepiga wimbo wa kikundi fulani, hukuletea mwingine wa kikundi hicho hicho, bila kujua kwamba wa kwanza ni wa kubembeleza na wa pili ni wa kumsuta mwanamume aliyekutwa kwa hawara. Kama ndivyo ilivyokuwa, mwambie hivyo hivyo, mchana, mkiwa mmekaa na chai, na umwonyeshe simu yenyewe. Lakini jiulize kwanza kwa siri yako, mwanangu, kama kweli hukuujua ule wimbo. Ikiwa uliujua, na ukauacha uendelee kwa sababu moyoni ulikuwa na jambo ambalo kinywa kiliogopa kulisema, basi mumeo alisikia sawasawa, na hapo mazungumzo yenu yatakuwa mengine.

Unaniuliza kama ana lake analolificha. Mimi sijui, na wewe huwezi kulijua kwa kuwa mtu alinuna usiku mmoja, kwani asiye na kosa naye hukasirika akisutwa, na pengine hukasirika zaidi. Swali la namna hiyo huulizwa kwa maneno yako mwenyewe, taa ikiwa inawaka. Usilipitishe kwenye spika.

Sasa tuje kwenye muziki, ambao naona ndio uliokufanya uandike, na mimi hapa nitajipa nafasi kwa sababu napenda kuuzungumzia. Kama taarabu ndiyo mnayoipenda, anza na bashraf, ile ambayo vikundi vya Unguja huipiga kufungua onyesho kabla mwimbaji hajasimama. Ni vyombo vitupu: fidla zinatangulia pamoja, kanuni inamwaga sauti zake kama shanga zilizokatikiwa na uzi, nai, ile filimbi ya mwanzi, inapita katikati, na hakuna hata neno moja la mtu kujipima nalo. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kimekuwepo tangu 1905 na bado kinazipiga, na Culture Musical Club nao pia, kwa hiyo hutahangaika kuzipata. Udi wa kupigwa peke yake unafaa zaidi ukitaka chumba kitulie, na si bure lugha yetu ikakipa jina moja kijiti tunachofukiza na chombo tunachopiga. Vyote viwili hutumika kwa kiasi kile kile. Moshi ukiuona umetanda mbele ya macho, umezidisha, na spika ikisikika kwa jirani, umezidisha vilevile, mbali na kwamba jirani naye anaweza kudhani anaimbiwa yeye.

Njia ya pili ni rumba ya zamani ya Kongo, ile ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Naipendekeza kwa sababu moja ambayo huenda ikakuchekesha: ninyi wawili hamjui Kilingala, na wimbo usioelewa maneno yake hauwezi kukusuta. Kuna jambo moja tu la kulijua kabla. Rumba nyingi zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu, waimbaji wanapokezana na gitaa linazunguka pale pale kama mtu asiye na haraka ya kwenda kokote, na hapo watu wawili wanaweza kushikana wakanong'onezana. Kisha huingia sebene: waimbaji wanawaachia wapiga magitaa, mwendo unaongezeka, na waliokuwa wamekumbatiana wanaachana ili wacheze. Enzi za santuri ndogo wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, na marehemu mume wangu alikuwa na desturi ya kutougeuza. Upande wa kwanza ukiisha, sindano ilibaki ikikwaruza pale katikati, naye hainuki, na mimi sikumkumbusha. Simu haitakupa nafasi kama hiyo, kwa hiyo ama uwe tayari kucheza sebene inapoingia, ama chagua mapema mahali pa kuukata wimbo.

Ila kabla ya bashraf na kabla ya rumba, kuna kazi uliyoiruka. Ulimwandalia mwenzako usiku mzima bila kumuuliza anapenda kusikia nini. Mtu aliyeshinda siku 12 na ngurumo ya injini masikioni huenda anatamani kimya cha nusu saa kwanza, aoge, ale, ndipo asikie chochote. Muulize pia ni wimbo gani uliokuwa ukipigwa siku mlizokuwa mkikutana kabla ya ndoa. Akiutaja, huo ndio utakaouweka wa kwanza, hata kama wewe huupendi. Andika nyimbo nne au tano kwenye orodha yako, uzisikilize mwenyewe mwanzo hadi mwisho ukiwa unapika, ubeti kwa ubeti, na uizuie simu isiendelee baada ya hizo.

Na ikitokea tena, katikati ya wimbo uliouchagua kwa mikono yako, akakuuliza unamwimbia nani, usicheke. Mjibu upesi, kwa lile jina ulilokuwa ukimwita kabla hajaitwa baba wa mtu.