Mwanangu, nani alianza kumfuga reindia

Mwanangu Neema,

Salamu na picha zako kutoka Tromsø, huko kaskazini mwa Norway, zimefika. Unasema ulimuuliza mwenyeji wako Msami, wa wale wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, nani alianza kumfuga reindia, huyo mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe za matawi, na mbona hadi leo anaonekana mnyama wa porini kuliko ng'ombe wa babu yako kule Kongwa, naye akaishia kucheka. Mimi niliyezeekea kwenye kazi ya mifugo sicheki, nakujibu.

Karibu mwaka 890, mtu wa kaskazini mwa Norway aitwaye Ottar alifika kwa Mfalme Alfred wa Uingereza, na maelezo yake yakaandikwa. Alijitaja kuwa na reindia 600 wa kufugwa, wakati ng'ombe wake hawakuzidi 20. Watu hushangaa hao 600. Mimi nawatazama sita tu kati yao, ambao alisema Wasami wanawathamini mno: walikuwa chambo, wa kunasia wenzao wa porini.

Kwa maoni yangu jibu lako limo humo. Mwindaji hakuamka siku moja akawa mfugaji. Alibaki na wanyama wachache waliozoea watu, wakamsaidia kuwinda, kubeba mizigo na kuvuta sleji, yaani gari la kuteleza juu ya theluji, huku nyama akiendelea kuitafuta porini. Kule Siberia, kwenye eneo la Yamal, mjini Salekhard, wanaakiolojia wamefukua vipande vya pembe vya miaka kama 2000 iliyopita, wanavyoviona kuwa sehemu za hatamu. Hiyo ni kazi ya mtu anayefundisha mnyama kuvuta. Makundi makubwa ya maelfu, kama hayo uliyoyapiga picha, ni mambo ya karne za karibuni tu, baada ya wanyama wa porini kupungua na serikali za huko kudai kodi.

Wala hakuna "nani" mmoja. Vinasaba vinaonyesha reindia alifugwa mara mbili au zaidi, sehemu tofauti: Wasami upande wao, watu wa Urusi upande wao. Na desturi hazifanani. Waevenki wa Siberia humpanda mgongoni na kumkamua. Maziwa ni kidogo lakini yana mafuta kupita ya ng'ombe mara kadhaa.

Sasa, mnyama mwenyewe alikubalije? Anapenda chumvi kupita kiasi, na chumvi ya karibu kabisa ni mkojo wa watu (usicheke, huo ni utaalamu). Kiangazi mbu wa kule humtesa, naye hukimbilia moshi wa moto wa wafugaji, kama ng'ombe wetu wanavyojikusanya kwenye moshi wa samadi jioni. Kwa hiyo sehemu ya kazi aliifanya yeye mwenyewe kwa kuja.

Lakini usidhani tabia ya mnyama inatosha. Amerika Kaskazini yupo huyo huyo, spishi moja, na wenyeji walimwinda maelfu ya miaka bila kumfuga. Reindia wa kufugwa walifikishwa Alaska kutoka Siberia mwaka 1892, na baadaye wakaletwa Wasami kuwafundisha wenyeji. Miaka ya 1990 wafugaji wengi wa rasi ya Seward, huko huko Alaska, walipoteza makundi yao: wale wa porini walipita wakihama, na wa kufugwa wakaondoka nao.

Hiyo ndiyo tofauti na ng'ombe wa babu yako. Babu yao wa porini alitoweka duniani, wa mwisho akafa Poland mwaka 1627, kwa hiyo ng'ombe hana jamaa wa kumrudia. Reindia anao, hata huko Norway, kwenye nyanda za juu za Hardangervidda. Akipata nafasi huzaa nao, na damu haitengani. Ndiyo maana mfugaji humfuata mnyama wake kuliko kumfungia bomani, na umiliki anauandika kwa kukata alama masikioni. Kwenye picha yako ya tatu alama hizo zinaonekana vizuri.

Mwulize mwenyeji wako kitu kimoja kwa niaba yangu. Wasami walikuwa wakikamua reindia hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha wakaacha. Je, kwao kuna bibi aliyesimulia jinsi ya kumshika jike atulie akamuliwe? Hilo vitabuni nimelitafuta sana.

Baba yako anakusalimu, na anauliza kama soksi zilifika.

Mama yako