Kabla ya Kulipia Mawindo ya Kulungu wa Jangwani Magharibi mwa Texas

Zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, na jambo hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kwa mtu anayetaka kuwinda huko. Kulungu mwenyewe ni mali ya wananchi wa jimbo na husimamiwa na Idara ya Hifadhi na Wanyamapori ya Texas, lakini mlango wa kumfikia uko mikononi mwa mwenye ranchi. Sisi tuliozaliwa Tanzania tumezoea vitalu vya uwindaji vinavyogawiwa na serikali, na jirani zetu wa Kenya wameishi bila uwindaji wa nyara tangu ulipopigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo wengi wetu tulioko Houston au Dallas hushangaa kuona kwamba mapatano muhimu kuliko yote hufanywa na mfugaji wa ng'ombe. Ninawinda huko kila ninapoweza, na ushauri wangu ni kwamba unachokilipia hasa ni ardhi pamoja na macho ya mwongozaji wako. Vipeleleze hivyo viwili kabla hujaangalia picha za pembe.

Mnyama ninayemzungumzia ni kulungu wa Marekani aitwaye kwa Kiingereza mule deer (Odocoileus hemionus), wa aina ya jangwani, mwenye masikio makubwa, matako meupe na mkia wenye ncha nyeusi, ambaye pembe za dume lake hugawanyika panda mbili na kila panda hugawanyika tena. Anaishi katika jangwa la Chihuahua, ng'ambo ya mto Pecos, katika ranchi zinazozunguka miji midogo kama Marfa, Alpine, Sanderson na Van Horn. Msimu wa kawaida wa eneo hilo huanza mwishoni mwa Novemba na kumalizika katikati ya Desemba, ingawa ranchi zilizo katika mpango maalumu wa jimbo wa kusimamia kulungu huruhusiwa kuwinda kwa muda mrefu zaidi.

Unapozungumza na mwenye ranchi kwa simu, muulize kwanza kama uzio wake ni mfupi au mrefu. Uzio mfupi ni seng'enge ya ng'ombe ambayo kulungu huiruka apendavyo, na kwa hiyo mnyama ni huru. Uzio mrefu humfungia ndani, na kwa maoni yangu mtu anayelipia hilo ananunua kitu kingine kabisa. Uliza ranchi ina ekari ngapi, wawindaji wangapi watakuwapo wiki hiyo, na kama mwongozaji atakuwa wako peke yako au mtagawana wawili. Muulize pia huvuna madume wangapi kwa mwaka, kisha nyamaza umsikilize: mwenye ranchi makini atakueleza habari za mvua, za puma, na za idadi ya ndama waliosalia msimu uliopita, ilhali mfanyabiashara atakurudisha kwenye upana wa pembe.

Halafu omba mkataba kwa maandishi. Karibu kila mkataba una kifungu kinachosema kwamba mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kuwa ameuawa, yaani damu ikionekana na mnyama asipatikane, mawindo yako yamekwisha na fedha hairudi. Kifungu hicho ni cha haki, na mimi hukiunga mkono, lakini ni vyema ukifahamu kabla hujashika bunduki. Angalia pia malipo ya awali yatakuwaje ukipatwa na dharura, kama bei inajumuisha malazi, chakula na uchunaji, na kama kuna nyongeza kwa dume mwenye pembe kubwa zaidi. Bakshishi ya mwongozaji haiandikwi popote, ila hutarajiwa. Iweke kando mapema katika bajeti yako.

Kuhusu sheria, wapo ndugu zetu wanaoingia matatani bila kujua. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha iliyotajwa, na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo ni mmojawapo wa misamaha hiyo. Mwenye kadi ya kijani hahusiki na katazo hilo, ilhali mtu asiye na hadhi halali ya uhamiaji haruhusiwi kabisa, hata kama bunduki ni ya kuazimwa na mwongozaji. Ikiwa karatasi zako zina utata wowote, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kumwona mwenye ranchi. Leseni ya jumla ya uwindaji ni dola 25 kwa mkazi wa Texas na dola 315 kwa asiye mkazi, na yeyote aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye hutakiwa pia kuwa amepitia mafunzo ya uwindaji yanayotambuliwa na jimbo.

Jizoeze kufyatua risasi kwa namna utakayowinda. Kulenga shabaha ukiwa umekaa mezani, bunduki ikiwa imeegemea mfuko wa mchanga, hakukuandai kwa mteremko wa mawe ambapo utakaa chini huku bunduki ikiwa juu ya vijiti, moyo ukidunda kutokana na kupanda, na upepo ukikata kutoka ubavuni. Mtu anayeweza kulenga kwa uhakika akiwa amekaa chini, kwa umbali wa mita 200 hadi 250, ana uwezo wa kutosha, bunduki ya kipenyo cha .270 au .308 inatosha kabisa, na anayekushawishi ununue kubwa zaidi huenda ana duka. Vaa buti ngumu zinazofunika vifundo vya miguu, kwa kuwa mmea uitwao lechuguilla una majani yenye ncha kali zinazopenya viatu vyepesi. Alpine iko takriban mita 1,360 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Desemba maji ya chupa huweza kuganda ingawa mchana utavua koti.

Kazi yenyewe hufanywa zaidi kwa darubini kuliko kwa miguu. Mtakaa juu ya kilima jua likichomoza, mkipekua korongo moja baada ya jingine, na mwongozaji atatafuta majike kwanza, kwa sababu katika Desemba madume huwafuata kwa ajili ya kupandana. Dume akionekana, usikimbilie pembe. Masikio yake yakitandazwa hupimana takriban sentimita 50 hadi 55 kutoka ncha hadi ncha, na hicho ndicho kipimo cha kukadiria upana. Umri, hata hivyo, husomwa mwilini, kwenye shingo nene, kifua kizito na tumbo lililolegea. Mwongozaji akisema dume huyo aachwe akue, mwache. Akishtuka, kulungu huyu huruka kwa miguu yote minne kwa pamoja, na mara nyingi husimama mbali kidogo kutazama nyuma; subiri asimame, na asiposimama usipige.

Kwa Mwislamu kuna jambo la kuzungumzwa na mwongozaji mapema. Mweleze kwamba utataja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kufyatua, na kwamba mnyama akikutwa hai utamchinja mara moja. Waongozaji wengi huzuia kukata koo kwa sababu huharibu ngozi ya shingo inayohitajika na fundi wa kuhifadhi vichwa, kwa hiyo mwambie waziwazi kwamba wewe unatanguliza nyama.

Lebo ya leseni hujazwa na kufungwa kwa mnyama papo hapo, kabla hata ya kupiga picha. Toa matumbo haraka, mchune, mtundike kivulini, na uwe na makasha ya barafu ya kutosha kwa safari ya kurudi, maana kutoka Alpine hadi Houston utakuwa barabarani karibu siku nzima. Ugonjwa sugu wa kudhoofisha kulungu, uitwao CWD, uligunduliwa Texas mwaka 2012 katika milima ya Hueco, kwa kulungu wa aina hiihii, na haijathibitishwa kwamba humwambukiza mtu. Hata hivyo wataalamu wanashauri nyama ya mnyama aliyethibitishwa kuugua isiliwe, nami hupeleka sampuli kupimwa hata pale ambapo silazimishwi. Soma kanuni za mwaka husika kuhusu mabaki, acha uti wa mgongo na mifupa ya mwili hukohuko ranchi ikiwa mwenyewe anaruhusu, na usitenganishe pembe za dume na kichwa mpaka ufike mwisho wa safari, kwa kuwa huo ndio uthibitisho wa jinsia ambao ofisa wa wanyamapori atauomba akikusimamisha barabarani.