Kuzoea Kitengela baada ya miaka mingi Umoja

Dada, umesema umeishi mtaa wa Umoja, Nairobi, miaka 12, na sasa umehamia huku mjini Kitengela, Kajiado, kimya cha usiku kinakunyima usingizi na majirani huwajui. Pole sana. Mimi miezi ya kwanza nilikuwa nikiamka kila mbwa akibweka.

La haraka ni maji. Visima vingi vya huku vina floridi nyingi, inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia, na kuchemsha maji hakuiondoi. Peleka sampuli maabara kabla hujawanywesha. Weka mifereji ya paa na tangi, uvune mvua.

Udongo nao ni ule mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, mimi huvaa gambuti hadi stegini, naziacha kwa mama mboga chini ya meza yake, naingia matatu na viatu safi. Huyo mama ndiye aliyenijulisha kwa mtaa mzima! Nunua kwake sukuma kila jioni hata kama supamaketi iko njiani, na uhudhurie mikutano ya Nyumba Kumi, ile ya majirani kuhusu usalama wa mtaa.

Usingizi ukikataa zaidi ya mwezi, au ukianza kulia bila sababu, tafadhali muone daktari.