Kununua nyumba Dodoma wakati wa kiangazi: chunguza paa kabla ya kulipa

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, na wastani wa mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 600. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya nusu ya mwaka paa linalovuja na paa zima huonekana sawa machoni pa mnunuzi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, watumishi na wafanyabiashara wengi wamekuwa wakitafuta nyumba Ilazo, Kisasa, Nkuhungu, Iyumbu na Nzuguni, na wengi wetu tumezikagua jua likiwaka na vumbi likipepea. Mimi nilinunua yangu mwezi wa Agosti. Madoa ya maji niliyaona kabla ya kulipa, na bado naamini kwamba kilichonifaa zaidi si ukaguzi wenyewe, bali ni makubaliano kwamba sehemu ya fedha ingesubiri mvua inyeshe.

Ukaguzi uanzie ndani, chini ya dari. Maji yaliyopita kwenye jipsamu na kukauka huacha doa lenye ukingo wa rangi ya kahawia, na doa lililolowa mara nyingi huwa na kingo kadhaa, moja ndani ya nyingine. Doa likipakwa rangi ya kawaida ya maji, baada ya muda hujitokeza tena. Kwa hiyo chumba kimoja kilichopakwa rangi mpya katika nyumba ambayo vyumba vingine vina rangi ya zamani kinastahili maswali. Tazama pia iwapo dari imebonyea katikati, kwa sababu jipsamu iliyolowa hulainika na hainyooki tena inapokauka. Kisha zunguka nje ukazitazame fishabodi, yaani mbao za ukingo wa paa: rangi iliyobanduka na mbao iliyovimba pembeni huonyesha mahali ambapo maji hukosa njia yake.

Usichanganye unyevu wa paa na ule wa ardhini. Katika maeneo mengi ya Dodoma maji ya visima yana chumvi, na ukuta uliojengwa kwa maji hayo, au usiozuiwa unyevu kwenye msingi, hutoa unga mweupe na kumenya rangi kuanzia sakafuni kwenda juu. Huo ni ugonjwa mwingine na tiba yake ni nyingine. Unyevu wa paa huanzia juu, mara nyingi kwenye lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) au pembeni mwa dari, ukashuka kwa michirizi.

Sehemu yenye habari nyingi kuliko zote ni juu ya dari, nako wanunuzi wengi hawafiki. Nilimwomba fundi paa anisindikize, tukazima kwanza meni swichi, kisha tukapanda kupitia tundu la dari asubuhi jua likiwa limeshapanda kiasi. Ukikanyaga, kanyaga mbao tu, kamwe usikanyage jipsamu. Mkiufunga mlango wa tundu na kuzima tochi, kila kitobo kwenye bati huonekana kama nukta ya mwanga, na fundi anaweza kukizungushia chaki papo hapo. Baada ya hapo washeni tochi mkague kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na papi (mbao zinazopigiliwa bati): mbao iliyolowa mara kwa mara huwa na rangi nyeusi kuzunguka misumari, na ukiichoma kwa bisibisi huingia bila kugoma. Tafuteni pia njia za udongo za mchwa, kwa kuwa mchwa wa huku hupenda mbao yenye unyevu. Katika nyumba niliyoitaka, doa la sebuleni halikuwa chini ya tundu lolote. Fundi alifuata alama ya maji juu ya mbao hadi kwenye vali, yaani mfereji wa bati pale miteremko miwili ya paa inapokutana, akaniambia, "Dada, maji yameingilia hapa, yakatembea juu ya kenchi, ndiyo yakaangukia kule." Ndiyo sababu kuziba palipo juu ya doa mara nyingi hakusaidii chochote.

Mabati yenyewe yana tabia inayopaswa kueleweka. Bati la chuma la mita 3 likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lile la alfajiri hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu, na usiku hujirudi. Kwa jua la Dodoma na baridi yake ya Juni na Julai, mwendo huo hujirudia kila siku mwaka mzima, misumari ikalegea na mipira yake ikakauka na kupasuka. Muulize muuzaji geji ya bati, yaani kipimo cha unene wake, ukikumbuka kwamba namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28, na hupinda haraka likikanyagwa na fundi. Angalia kama misumari imepigwa juu ya wimbi la bati au bondeni kwake, ambako maji hupita.

Nyumba za paa la kuficha, yaani paa lililozibwa na ukuta lisionekane kwa nje, ambazo mafundi huziita kontemporari, zinahitaji uangalifu wa pekee. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 30, kiasi ambacho Dodoma kinaweza kushuka kwa alasiri moja, hubeba lita 3,600, na kwenye paa la kuficha maji hayo yote hukusanyika kwenye gata, yaani mfereji wa maji ya paa, nyuma ya ukuta, yakitegemea mabomba machache kuyatoa. Bomba moja likizibwa na majani, kiota cha ndege au mabaki ya plasta, maji hupanda na kuingia chini ya bati. Mteremko wa mapaa hayo huwa mdogo, na upepo husukuma maji kinyumenyume kwenye maungio. Sisemi nyumba hizo zisinunuliwe. Nasema usikubali kuinunua bila kupanda ngazi na kuliona gata kwa macho yako.

Kama nyumba ni ya zamani na imeezekwa kwa asbesto, usiruhusu mtu aipasue, aitoboe wala kuisugua kwa brashi, kwa sababu vumbi lake likivutwa kwa pumzi husababisha saratani. Tafuta ushauri wa wataalamu wa mazingira kwanza.

Tulijaribu paa letu kwa maji ya boza na pampu. Utaratibu ni kuanza chini, sehemu moja kwa muda wa kutosha, kisha kupanda taratibu, mtu mwingine akiwa juu ya dari na tochi. Mkianzia juu hamtajua ni wapi palipovuja. Hata hivyo, mpira wa maji hauwezi kuiga mvua inayosukumwa na upepo. Kwa hiyo nilimwambia muuzaji, "Mzee wangu, sikupunguzii bei ya nyumba yako. Naomba asilimia kumi ikae kwa wakili hadi mvua ziishe, na paa likiwa zima utaipata yote." Alifikiri kidogo akasema, "Binti yangu, kama fundi wako ataweka vali mpya sasa, mimi sina cha kuogopa." Tuliandika kwenye mkataba kasoro zote zilizoonekana, tukaambatisha picha, tukataja nani atalipia nini na tarehe ya mwisho ya kudai. Muuzaji akikataa kabisa kuweka jambo hilo kwenye maandishi, ningekushauri uendelee kutafuta.

Katika matengenezo, mpangilio ni muhimu kuliko haraka. Paa kwanza, dari baadaye, rangi mwisho. Silikoni na lami zinazopakwa juu ya tundu hupasuka mapema kwa jua letu. Vali iliyooza hubadilishwa yote, na misumari iliyolegea huondolewa na kuwekwa mingine minene yenye mpira mpya. Mbao iliyooza hukatwa, na mbao mpya iwe imetiwa dawa ya mchwa. Ukuta uliolowa uachwe ukauke kabisa kabla ya kupigwa skimu (tabaka laini la kusawazisha ukuta), la sivyo rangi itamenyeka tena.

Mvua za Desemba zilionyesha sehemu ya pili inayovuja tusiyoiona, kwenye kofia ya paa (bati linalofunika kilele chake) upande unaopigwa na upepo. Ilitengenezwa kwa fedha iliyokuwa kwa wakili, na dari ya sebule haikuguswa hadi mvua kubwa kadhaa zilipopita bila tone. Mwezi wa Mei muuzaji alikabidhiwa kiasi kilichobaki, risiti za bati na za fundi zikiwa zimeambatishwa kwenye mkataba.