Duka la vitabu mji mdogo: wasomaji walikuwepo, kilichoniua ni rafu

Kila nikitaja kwamba niliwahi kuwa na duka la vitabu kwenye mji mdogo mtu ananipa pole, anasema siku hizi watu hawasomi bwana. Naitikia tu asante, maana kueleza ni kirefu. Ila juzi kuna kijana kanitumia meseji, anataka kufungua duka la vitabu kwao, anasema la mwisho limeshafungwa kwahiyo hana mpinzani. Nikamuandikia majibu marefu, nikafuta, nikaona bora niyaweke hapa na wengine wayaone, hasa wewe mwenye kiinua mgongo mkononi na ndoto ya kukaa katikati ya vitabu hadi uzee.

Kwanza kabisa wasomaji nilikuwa nao. Sio wengi, tuseme mia na kitu ambao kwa mwaka hawakosi kununua kitabu, na humo ndani kama thelathini hivi ni wale wagonjwa wa vitabu kabisa, asipopita dukani wiki mbili unaanza kuulizia kama anaumwa. Watu thelathini wa namna hiyo ni hazina, na mimi niliwapoteza karibu wote bila hata mmoja kuacha kusoma.

Ilikuwaje sasa. Nilifungua duka kwa kuiga duka la jiji, kama wanavyofanya wengi. Duka la jiji linaishi kwa wapita njia, leo wamepita hawa kesho wanapita wengine, yani rafu ileile inaonwa na macho mapya kila siku, kitabu kinaweza kukaa miezi nane kikimsubiri mwenyewe na mwenyewe akatokea kweli. Mji mdogo macho ni yaleyale! Mteja wangu mmoja wa Jumamosi, mwalimu mstaafu, mara ya kwanza alikagua rafu zote mpaka kule chini kwenye kamusi, akaondoka na vitatu. Wiki iliyofuata akaangalia harakaharaka, akabeba kimoja. Wiki ya tatu akaishia meza ya mbele. Baada ya hapo akawa ananisalimia kutokea mlangoni anapita zake. Nikadhani nimemkosea kitu, kumbe hamna, mzee alikuwa amelimaliza duka.

Na hapo ndo nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Nikaona wateja wanapungua nikasema basi vitabu havitoshi, nikaenda kuongeza, tena kwa pesa taslimu, na vile vya zamani nikaviacha palepale kwa sababu rafu iliyojaa inapendeza machoni. Mwaka wa pili nina duka limejaa mpaka juu, mtaji wote umekwama kwenye vitabu ambavyo kila mtu mjini alishavikataa mara moja, na kodi ya fremu inatakiwa. Mtu akiingia anaona ukuta uleule, vitabu vipya vimefichwa kati ya vya zamani, hata mimi mwenyewe nilikuwa nahangaika kuvitafuta.

Sasa kuhusu mtandao, maana najua mnasubiri nilaumu mtandao. Ndio, watu walikuwa wanakuja wanashika kitabu, wanakipiga picha jalada, wanaenda kukinunua kwenye simu kwa bei ya chini. Iliniuma sana, nikabandika karatasi ukutani HAIRUHUSIWI KUPIGA PICHA, na huo ulikuwa ujinga wa kiwango cha juu kwasababu hata waliokuwa wanapiga picha ili wamtumie mtu amnunulie zawadi nao wakaacha kuja. Kitabu ni bidhaa ya mtandao toka zamani, Amazon ilipoanza kuuza mwaka 1995 ilianza na vitabu, na ukifikiria utaona kwanini, kitabu hakiozi, kina namba yake ya ISBN inayokitambulisha popote, nakala ya hapa na ya kule ni ileile kwahiyo mteja hahitaji kukishika ndo akiamini, alafu majina ni mengi mno, hakuna chumba duniani kinaweza kuyabeba yote lakini orodha ya kwenye kompyuta inayabeba. Kwahiyo ukishindana kwa bei au kwa wingi wa majina umekwisha kabla hujaanza. Wafaransa waliliona suala la bei mapema, walitunga sheria mwaka 1981 kwamba muuzaji asipunguze zaidi ya asilimia 5 ya bei aliyopanga mchapishaji, duka dogo na duka kubwa bei karibu sawa. Kama kwenu hakuna sheria ya hivo usijidanganye, utapigwa tu kwenye bei.

Na kuwa mkubwa nako sio kinga. Borders ya Marekani ilikuwa na mamia ya maduka, mwaka 2001 ikawakabidhi Amazon kazi yake ya kuuza mtandaoni (hebu fikiria, unamkabidhi mpinzani ufunguo wa duka), 2011 ikafungwa yote. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Laredo kule Texas, mji wenye watu zaidi ya laki mbili, ulibaki bila duka hata moja la vitabu baada ya tawi la mwisho (la kampuni nyingine, sio Borders) kufungwa, la karibu likawa San Antonio, kama kilomita 240. Laki mbili jamani! Mji wa watu wote hao hauwezi kukosa wasomaji, ila aliyepanga hesabu za tawi lile alikaa mbali na tawi halikuwa na sauti.

Ndo maana mfano ninaoupenda ni wa Waterstones, kampuni ya maduka ya vitabu ya Uingereza. Mwaka 2011 ilikuwa inayumba vibaya, akapewa James Daunt aiongoze, moja ya vitu alivyofanya ni kuacha kuchukua pesa za wachapishaji wanaolipia vitabu vyao vikae mbele, akawaachia wauzaji wa kila duka wachague wenyewe cha kuweka mezani. Vitabu vya kurudishwa kwa wachapishaji vikapungua sana, kampuni ikasimama tena. Yani aliyepo pale mjini ndo anajua watu wake. Mimi nilikuwepo pale kila siku na bado nilikuwa naagiza kwa kufuata orodha za vitabu vinavyouzwa sana huko majijini, sijui nilikuwa nafikiria nini.

Haya, ushauri wenyewe. Kubwa kuliko yote ni mali kauli, yani unachukua vitabu sasa unalipa vikishauzwa. Kabla hujanunua kitabu kimoja kaa na wachapishaji na wauza jumla uwaulize, ukichukua hivi visipotoka baada ya miezi mitatu unaruhusiwa kuvirudisha? Nauli ya kurudisha nani analipa? Kikipata mkunjo kidogo wanakipokea? Wengine watakataa, wengine watakubali ila kamisheni yako itashuka, kubali. Bora faida ndogo kwa kitabu kinachoondoka kuliko faida nono ya kwenye makaratasi. Mimi nilikataa mali kauli mwanzoni kwasababu punguzo la taslimu lilikuwa tamu, nikawa mmiliki halali wa vitabu visivyouzika.

Alafu rafu izunguke. Kitabu kikikaa siku tisini kitoe machoni hata kama unakipenda, hasa kama unakipenda, kirudishe au kiweke boksini kipumzike, baada ya miezi sita kitoe tena utashangaa kinaonekana kipya. Nilianza kufanya hivi mwaka wa mwisho, nimeshachelewa, na yule mwalimu mstaafu alirudi.

Oda za mteja mmoja mmoja ndo zilikuwa biashara nzuri kuliko zote na ndo nilizozidharau, kwasababu niliona ni usumbufu kuagiza nakala moja. Chukua malipo ya awali angalau nusu, mpe tarehe ya kweli sio ya kumfurahisha, kusanya oda ziwe kumi zije na mzigo mmoja. Bila malipo ya awali usiagize, hata kwa rafiki, nina kitabu cha ufugaji wa nyuki niliagizia rafiki yangu, ninacho mpaka leo na sina nyuki.

Vitabu vya shule vitakulipia kodi ila ni vya msimu, mtaala ukibadilika stoo inageuka karatasi ya kufungia. Nunua kwa oda ya shule iliyoandikwa na kusainiwa, basi.

Mitumba ya vitabu usiidharau. Mteja analeta alichomaliza, unampa sehemu ya thamani kama punguzo la kitabu kingine, rafu inabadilika bila wewe kutoa pesa. Ila mtu asikudanganye kwamba mitumba peke yake inatosha kwa sababu Hay-on-Wye waliweza. Hako ni kamji ka Wales kenye watu wasiofika elfu mbili, Richard Booth alifungua duka la vitabu vya zamani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwenye kilichokuwa kituo cha zimamoto, wengine wakafuata mpaka pakawa na maduka kadhaa ya vitabu. Lakini waliokuwa wananunua ni wageni wanaokuja kwa magari kutoka mbali. Yale macho mapya ya jiji waliyaleta kijijini, na mwaka 1977 jamaa akajitangaza mfalme wa mji ili magazeti yaandike. Kama wewe hauna ufalme wa kutangaza, endelea kuzungusha rafu.

Na wewe msomaji ambaye mjini kwenu bado kuna duka, usiingie ukatoka kimya. Sema "niagizie hiki nalipa nusu sasa hivi", muuzaji hawezi kuota unachotaka.

Mimi sasa hivi nina rafu mbili tu ndani ya stesheneri ya mtu, namlipa kamisheni, kila Ijumaa naenda nachomoa vilivyolala naweka vingine, na kwa mwezi nauza karibu sawa na nilivyokuwa nauza kwenye lile fremu kubwa. Yule kijana aliniuliza aanze na vitabu vingapi, nikamwambia 150, pesa nyingine kaa nayo. Akasema vitabu 150 chumba kitaonekana kitupu. Nikamwambia basi tafuta chumba kidogo.