Matatu na lori zote zina makosa: amshtaki nani?

Pole kwa ndugu yako. Ulivyoeleza, alikuwa abiria wa matatu iliyogongana na lori pale Changamwe, Mombasa, na kila dereva anamsukumia mwenzake. Ashtaki pande zote mbili, madereva na wenye magari. Kosa linaloumiza wengi ni kushtaki matatu pekee: upande huo ukimlaumu mwenye lori asiye kortini, kesi inavutana bure.

Jaji au hakimu hugawa lawama kwa asilimia. Tuseme matatu 60, lori 30, na ndugu yako 10 kwa kutofunga mshipi. Fidia ikiwa shilingi 2,000,000, zinakatwa 200,000, anabaki na 1,800,000. Mshipi ni hoja ambayo mawakili wa bima hawaiachi, kwa hiyo kama gari halikuwa na mishipi, mtafute abiria mwenzake aseme hivyo.

Chukueni abstrakti ya polisi (muhtasari wa ripoti ya ajali), fomu ya P3 (ya polisi, inayojazwa na daktari kuonyesha majeraha), karatasi za hospitali na risiti zote. Gharama isiyo na risiti ni ngumu kulipwa. Rekodi za umiliki ziombwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, maana jina lililoandikwa ubavuni mwa matatu si lazima liwe la mwenye gari. Bima zote mbili zipewe notisi ya maandishi kabla ya kufungua kesi au mara tu baada ya kuifungua, la sivyo zinaweza kukataa kulipa hukumu. Bima ya lazima hailipi zaidi ya milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari.

Muda ni miaka 3 tangu ajali. Lori likiwa la serikali, ni miezi 12 tu.